Programu Ijaribiwe Ikiwa Imefungwa

Katika Mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, tumbaku huuzwa kupitia vyama vya msingi vya ushirika, yaani AMCOS. Kila chama hubeba hesabu nzito: deni la mbolea la kila mkulima, uzito na daraja la kila robota, makato, na salio. Kanzidata ya Microsoft Access huimudu kazi hiyo vizuri. Haidai intaneti, na faili lake huweza kufikia GB 2, ukubwa ambao chama cha kijiji hakitaujaza upesi. Tena tangu toleo la 2007 kuna Access Runtime, inayotolewa bure, ili karani aitumie programu bila chama kununua leseni kamili. Kwa chama chenye kipato kidogo, huo ni msaada wa kweli. Lakini mtengenezaji hufanya kazi ndani ya Access kamili, na karani hataiona Access hiyo hata siku moja. Basi programu iliyojaribiwa katika Access kamili peke yake bado haijajaribiwa.

Access Runtime huondoa orodha ya majedwali, menyu za kawaida na uwezo wa kuhariri fomu. Kama hakuna fomu iliyopangwa kufunguka yenyewe, karani atakutana na dirisha tupu. Hayo hugundulika mara moja. Hatari kubwa imejificha kwenye makosa ya msimbo. Tuseme nafasi ya uzito imeachwa wazi, na msimbo unajaribu kuiweka thamani hiyo tupu ndani ya namba. Katika Access kamili hutokea kisanduku cha onyo, mtengenezaji anabonyeza kitufe, anaendelea, na pengine anasahau. Katika Runtime, kosa hilo hilo lisiposhughulikiwa ndani ya msimbo, programu hutangaza kwamba haiwezi kuendelea, kisha hujifunga. Siku ya soko, wakulima wakiwa kwenye foleni mbele ya mzani, karani hana la kufanya ila kurudi kwenye daftari.

Kinga yake haina gharama. Mtengenezaji akibadilisha mwisho wa jina la faili kutoka accdb kuwa accdr, Access yake mwenyewe itajifanya Runtime. Hilo lifanyike kila fomu mpya inapokamilika, lisingojee siku ya kukabidhi kazi. Wapo watakaosema kwamba huko ni kuigiza tu, na wana haki: mashine ya mtengenezaji bado ina maktaba zake zote, folda zilizokwisha kuaminiwa na mpangilio wake wa tarehe. Tarehe hasa ndizo zinazonitia wasiwasi. Lugha ya maswali ya Access husoma 03/04/2025 kwa desturi ya Marekani, yaani Machi 4, wakati karani wa Mpanda amekusudia Aprili 3. Mashine ya mtengenezaji ikiwa imepangwa Kimarekani, kosa halitaonekana kamwe. Kwenye mashine ya chama litaonekana katika siku 12 za kwanza za mwezi tu, kwa sababu kuanzia tarehe 13 programu husoma sawasawa. Deni linahesabiwa katika mwezi usio wake na hakuna onyo lolote. Kwa hiyo jaribio la pili lifanyike kwenye kompyuta yenye Runtime pekee, iliyopangwa kama ya karani.

Wengine huichukulia Runtime kama kufuli. Sivyo: mwenye Access kamili akilirudishia faili jina la accdb, vyote vilivyofichwa vinafunguka, kwa hiyo taarifa za wakulima zilindwe kwa nywila na usimbaji. Wengine watauliza kwa nini tuhangaike, ilhali Tume ya Maendeleo ya Ushirika ina MUVU, mfumo wake wa mtandaoni. Naukubali umuhimu wake, ila takwimu huanzia mzanini, na chama kinachoweka kumbukumbu zake katika Access kinastahili programu isiyoanguka.

Mjaribu wa mwisho awe karani mwenyewe, aachiwe aruke nafasi na kuandika herufi panapotakiwa namba. Kila kosa limpe ujumbe wa Kiswahili, kisha lijiandike kwenye jedwali pamoja na saa na jina la fomu, ili mtengenezaji aliyeko Mpanda ajue kilichoharibika Inyonga kabla hajapanda basi.