Ajira na Haki (2): Mfanyakazi Aliambiwa Nini?

Juma lililopita tuliuangalia mkataba. Leo tuingie ndani ya kazi yenyewe.

Chukua mtunza stoo aliyeajiriwa Jumatatu. Amekabidhiwa funguo na daftari, akaambiwa, "Utazoea." Mwezi wa tatu anapokea barua ya onyo: hajawasilisha hesabu ya mali kila Ijumaa. Habari za Ijumaa hakuwahi kuambiwa. Aliyemtangulia alizijua kwa mazoea, na alipoacha kazi akaondoka nazo. Ofisini sasa anaitwa mzembe.

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 15, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi, yakiwemo majukumu yake. Kanuni za Utendaji Bora za 2007 zinakwenda mbali zaidi. Mtu akiachishwa kazi kwa kushindwa kufikia kiwango, huulizwa kama alikijua kiwango hicho au alipaswa kukijua, kama kilikuwa cha haki, na kama alipewa nafasi ya kukifikia. Mwajiri anatakiwa achunguze chanzo cha udhaifu, amwelekeze, amfundishe inapobidi, kisha ampe muda wa kujirekebisha.

Hapo kwenye kuelekeza ndipo wakubwa wengi wa kazi wanapojikwaa. "Jitume" na "ongeza bidii" si maelekezo. Mtu hawezi kujua lini ameyatimiza. "Kila Ijumaa saa 9 alasiri hesabu ya stoo iwe imemfikia mhasibu, na daftari lilingane na mali iliyopo" – hayo ni maelekezo. Mtunza stoo atajipima mwenyewe kabla hajapimwa.

Serikali yetu iliitambua hoja hii Julai 2004 ilipoleta OPRAS, mfumo wa wazi wa kupima utendaji kazi, katika utumishi wa umma, kuchukua nafasi ya taarifa za siri za tathmini ambazo mtumishi hakuziona. Chini ya mfumo huo mtumishi na msimamizi wake walikaa mwanzoni mwa mwaka wa fedha, wakakubaliana malengo, wakayapitia tena katikati ya mwaka. Siku hizi kazi hiyo hufanyika kielektroniki kupitia mfumo wa PEPMIS. Lakini malengo yanayoandikwa Juni, mwaka ukiwa umekwisha, hayamsaidii mtu yeyote, yawe kwenye karatasi au kwenye kompyuta.

Ndugu msomaji, kama umeajiriwa na hujapewa majukumu yako kwa maandishi, yaombe kesho asubuhi, kwa heshima, na nakala uitunze. Juma lijalo tutazungumzia kikao cha tathmini.