Saratani ya ini: Jeni zinavyoashiria mwenendo wa ugonjwa

Wagonjwa wawili wanaweza kuwa na uvimbe wa ini wenye ukubwa sawa, lakini mmoja akaishi miaka mingi na mwingine akafariki mapema. Sehemu ya jibu imo kwenye jeni.

Jeni hufanyaje kazi?
Kila seli ya ini ina jeni zilezile, ila baadhi huwashwa na nyingine huzimwa. Amri hupita kwenye mnyororo wa protini, moja ikiipasha nyingine habari. Kwa kawaida, protini mojawapo ya mnyororo huo, beta-katenini, huvunjwavunjwa isipohitajika. Jeni yake ikiharibika, protini hiyo hurundikana, huingia kwenye kiini cha seli na kuchochea ukuaji usiokoma.

Sumukuvu inahusikaje?
Mwaka 1991, watafiti walieleza kuwa wagonjwa kadhaa wa Qidong, China, na wa kusini mwa Afrika walikuwa na kasoro mahali palepale kwenye jeni ya TP53, ambayo ni breki ya ukuaji wa seli. Kasoro hiyo inahusishwa na aflatoksini, sumukuvu ya mahindi na karanga zilizohifadhiwa vibaya.

Daktari hupima nini?
Hutazama ukubwa na idadi ya uvimbe, utendaji wa ini, na protini ya AFP kwenye damu. Nanogramu 400 au zaidi kwa mililita huashiria ugonjwa mkali. Vipimo vya jeni bado havijachukua nafasi ya vipimo hivi.

Ufanye nini?
Pima homa ya ini B, ambayo pia huchangia saratani ya ini, na upate chanjo kama huna ugonjwa huo. Kausha mahindi vizuri, na yaliyoota ukungu usiyale.