Je, Wajua? Vipimo vya Afya Kabla ya Kuhamia Ughaibuni

Je, wajua kwamba Mtanzania anayeomba viza ya kukaa Uingereza zaidi ya miezi sita lazima apimwe kifua kikuu kwanza, na kwamba aliyeko Dodoma, Singida au Manyoni hana budi kwenda Dar es Salaam, kwenye kliniki ya Shirika la Kimataifa la Uhamiaji (IOM)? Cheti hudumu miezi sita tu. Ukipima mapema mno, muda wake utakwisha kabla hujakitumia. Treni ya SGR, iliyozinduliwa Agosti 1, 2024, imeufanya mwendo wa Dodoma hadi Dar kuwa wa saa chache, lakini mtu wa Kondoa au Mpwapwa ana safari nyingine kabla ya kuifikia stesheni. Linaloweza kumalizwa nyumbani limalizwe nyumbani.

Je, wajua kwamba picha ya kifua yenye doa si hukumu? Daktari akilitilia shaka doa hilo ataagiza makohozi, kwa kawaida sampuli tatu za siku tatu mfululizo, nayo yataoteshwa maabara. Vijidudu vya kifua kikuu hukua polepole sana, hivyo majibu yanaweza kuchukua wiki nane. Hapa ndipo wengi wa Kanda ya Kati hukwama: wamefika Dar na nauli ya kurudi jioni ileile, hawana pa kulala. Panga malazi mapema. Na kama uliwahi kuugua kifua kikuu ukapona, kovu linaweza kubaki kwenye pafu miaka mingi, kwa hiyo beba kadi ya matibabu na picha za zamani kama unazo. Anayekutwa na ugonjwa hutibiwa bure katika vituo vya serikali, kwa kawaida miezi sita, kisha hupimwa upya.

Mjamzito je? Kwa viza ya Uingereza anaweza kupigwa picha akiwa amekingwa tumbo, kupimwa makohozi badala ya picha, au kusubiri hadi ajifungue. Aseme mapema, kabla hajaingia chumba cha eksirei.

Je, wajua kwamba chanjo ya BCG, ile inayoacha kovu begani, inaweza kuufanya mkono uvimbe kwenye kipimo cha ngozi cha kifua kikuu hata kama mtoto hana maambukizi? Kipimo cha damu kiitwacho IGRA hakiyumbishwi na BCG, na ndicho Marekani inachokitaka kwa watoto wanaohamia huko kutoka nchi zenye kifua kikuu kingi.

Kadi ya kliniki nayo ina thamani kubwa. Marekani hudai ushahidi wa chanjo, na chanjo ya surua inayotolewa kwa watoto wetu tangu 2014 imeunganishwa na rubela tu, bila matubwitubwi. Kwa hiyo usishangae mwanao akichomwa nyingine. Mtu mzima aliyezaliwa kabla ya 2002 huenda hakuwahi kupata chanjo ya homa ya ini B utotoni. Kadi ikipotea, rudi kwenye zahanati ulikochanjwa uombe waitafute kwenye rejista.

Je, wajua kwamba kipimo cha VVU au cha kaswende hakihitaji ufunge kula? Kufunga ni kwa ajili ya sukari na mafuta ya damu, na hata hapo maji yanaruhusiwa. Katika ukavu wa Dodoma kunywa maji ni jambo la lazima, kwa sababu mwili uliokauka huficha mishipa na kumsumbua mchukua damu.

Je, wajua kwamba Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari? Shirika la Afya Duniani hushauri mwinuko uzingatiwe katika kusoma kiwango cha damu. Tofauti ni ndogo, lakini ipo.

Je, wajua kwamba wilaya yetu ya Kongwa inajulikana duniani kwa utafiti wa vikope? Utafiti wa huko kuhusu kuosha watoto uso ulichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1995. Ugonjwa huohuo ndio uliowarudisha makwao wahamiaji wengi waliofika kisiwa cha Ellis, New York, mwanzoni mwa karne iliyopita. Madaktari waliwapindua kope na kuzikagua.

Wapo wanaoogopa kutaja kwamba waliwahi kutibiwa Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili iliyoko Dodoma. Kwa Marekani, kutibiwa ugonjwa wa akili hakumzuii mtu. Kinachotazamwa ni tabia ya kudhuru nafsi au wengine. Tajeni, kwa kuwa kusema uongo mbele ya daktari wa viza ni kosa lenye madhara makubwa zaidi.

Na VVU? Marekani iliwafungia mlango wahamiaji wenye VVU tangu 1987, ikaufungua Januari 4, 2010. Nchi za Ghuba bado zinaufunga kwa wafanyakazi. Oman, Saudi Arabia na jirani zao hukataa pia homa ya ini B na C, kifua kikuu, na hata ujauzito. Mbaya zaidi, vipimo hurudiwa baada ya kufika, na anayeshindwa hurudishwa. Fikiria binti wa Bahi au Ikungi ambaye familia imeuza ng'ombe kwa ajili ya safari, kisha anarudishwa kwa ugonjwa ambao angeujua nyumbani. Huo ni uchungu unaoepukika kabisa. VVU hupimwa bure katika vituo vya serikali, majibu ni siri ya mpimwaji kwa sheria ya mwaka 2008, na homa ya ini B hupimwa katika hospitali kubwa za Dodoma.

Kama kuna ndugu yako anayeahidiwa kazi Ghuba, mshauri apime hapa kwanza, kabla hajampa wakala hata shilingi moja.