Njia ya Changarawe Mpaka Mlangoni: Pima Kwanza, Agiza Baadaye

Mkulima aliyejenga nyumba ya mawe na kuiezeka mabati mara nyingi hudhani kwamba kazi yake imekwisha. Lakini masika yafikapo, baina ya Machi na Mei, huona kwamba nyumba yake imekuwa kama kisiwa. Gari la maziwa husimama mbali barabarani, mikebe hubebwa mabegani matopeni, na mgonjwa wa usiku hana budi kuchukuliwa kwa machela mpaka gari lilipo. Katika milima ya Murang'a, Nyeri na Kisii udongo mwekundu ukilowa huteleza kama sabuni. Katika nchi tambarare za Mwea na Kano udongo mweusi huvimba ukinywa maji, kisha hupasuka ukikauka.

Hapo ndipo mwenye nyumba akimbiliapo kuagiza malori machache ya changarawe nyekundu iitwayo murram. Humwagwa, hutandazwa upesi, na msimu mmoja ukipita imekwisha kumezwa na matope. Wengi husema sababu ni ufukara. La, sababu ni kukisia. Mali bila daftari hupotea bila habari, na changarawe ni mali.

Vipimo vitatu

Anayetaka kutengeneza njia yafaa achukue kamba ya kupimia, vigingi na kipande cha karatasi. Vipimo vinavyohitajiwa ni vitatu tu: urefu, upana na unene. Kwa gari moja upana wa mita 3 watosha. Unene usipungue sentimita 15 baada ya kushindiliwa, ikiwa malori yatapita.

Tuseme njia ina urefu wa mita 60. Zidisha 60 kwa 3, kisha kwa 0.15, jawabu ni mita za ujazo 27. Wengi huishia hapo, wakasahau kwamba lori likiisha kuingia halina budi kugeuka. Uwanja wa kugeuzia wenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 8 wataka mita za ujazo 12 zaidi. Jumla ni 39.

Tena, changarawe iliyo katika lori imelegea, nayo hupungua ikishindiliwa. Kwa hiyo yapasa kuongeza kama sehemu 30 katika kila 100. Zidisha 39 kwa 1.3, upate 50.7. Hicho ndicho kiasi cha kuagiza.

Malori mangapi?

Wauzaji wengi huuza kwa lori, na malori hayalingani. Kabla ya kupatana bei, mnunuzi na apime sanduku la lori lenyewe. Likiwa na urefu wa mita 4, upana wa mita 2 na kina cha sentimita 60, huchukua mita za ujazo 4.8 likijazwa sawasawa. Gawanya 50.7 kwa 4.8; jawabu limezidi 10 na nusu, basi malori 11 yahitajiwa. Kila lori litazamwe kabla ya kumwaga, na hesabu iandikwe daftarini.

Aliyekisia malori 6 kwa kazi hiyo hiyo atapata unene wa sentimita 8 na nusu tu. Magurudumu yatautoboa katika mvua ya kwanza, naye atalipa mara ya pili. Hivyo aliyeokoa bei ya malori 5 huenda akapoteza ile ya malori 6.

Maji ndiyo adui

Mtengenezaji barabara mashuhuri wa Uskochi, John Loudon McAdam (1756–1836), alifundisha kwamba uzito wa magari huchukuliwa hasa na udongo wa chini, nao huweza kuuchukua ukiwa mkavu. Fundisho hilo lingali kweli. Kwa hiyo, kabla ya lori la kwanza kufika, ondoa majani, mizizi na udongo laini wa juu. Tengeneza mgongo katikati ya njia: kwa upana wa mita 3, katikati pawe juu ya kando kwa sentimita 8 hivi. Chimba mitaro pande zote mbili, na maji yaelekezwe penye nyasi, yasije yakachimba korongo katika shamba la jirani.

Mahali njia inapokutana na barabara, mtaro wa barabara usizibwe kamwe kwa udongo. Lazima uwekwe mfereji wa bomba la saruji chini ya njia, na ruhusa ipatikane kwanza kwa wenye kuitunza barabara hiyo, ama serikali ya kaunti ama mojawapo ya mamlaka zilizoundwa kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007.

Kuchagua na kushindilia

Changarawe njema ina mawe magumu pamoja na udongo kiasi wa kuyashika. Mawe ya mtoni ni mviringo, nayo hubingirika. Kokoto tupu hutawanyika chini ya magurudumu. Penye udongo mweusi changarawe peke yake haitoshi: udongo huo uchimbwe, na mawe makubwa ya kuvunjwa yapangwe chini kwanza. Penye mteremko mkali, mistari miwili ya saruji kwa ajili ya magurudumu hudumu kuliko changarawe, ambayo huchukuliwa na maji.

Changarawe itandazwe kwa tabaka mbili, kila moja ikishindiliwa peke yake. Kwa vipimo vilivyotajwa, lori moja latosha kama mita 8 za njia. Basi kwa tabaka ya kwanza kigingi kipigwe kila mita 16, na dereva amwage hapo, kisha vivyo hivyo kwa tabaka ya pili. Changarawe iwe na unyevu: ikifinywa mkononi ishikamane, lakini isitoe maji. Kazi hii yafaa ifanywe kabla ya mvua, si katikati yake.

Baada ya hapo matunzo ni madogo lakini hayana mwisho. Mitaro izibuliwe kabla ya masika na kabla ya vuli, na kila shimo lijazwe lingali dogo, kwa maana usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni busara kuweka rundo dogo la changarawe kando kwa kazi hiyo. Mwenye nyumba atakayefanya hivi ataona maziwa yakifika sokoni kabla hayajaganda, na gari la wagonjwa likifika mlangoni hata usiku wa mvua.