Barua pepe zinaingia lakini hazitoki: tufanye nini?



Mwaka 1871 Livingstone alikaa miezi kadhaa hapa Nyangwe, kando ya mto Lualaba. Karatasi zilimwishia, akaandika juu ya gazeti kuukuu. Lakini kuandika ni kazi moja, na kufikisha ni nyingine: maandishi yake yalifika pwani mwaka 1872, yakibebwa na Stanley.

Sisi nasi tumeonja jambo hilo. Tuliandika orodha ya jamaa waliokimbilia kwetu wakihitaji blanketi na chakula, tukabonyeza "Envoyer", tukawaambia wazee wa kanisa: "Imekwisha kwenda." Siku tisa baadaye tuliikuta ingali ndani ya mashini. Msaada uligawanywa bila majina hayo. Na siku hizo zote tulikuwa tukimnung'unikia ndugu wa ofisini kwamba hajibu.

Tulidanganyika kwa sababu barua za wengine ziliendelea kuingia. Lakini kupokea na kutuma ni njia mbili. Kila moja ina mlango wake na masharti yake, hata kama rezo ni ileile. Barua yenu ikikwama, fuateni hatua hizi.

Kwanza, fungueni "Boîte d'envoi". Barua ikiwa humo, haijatoka. Ikiwa katika "Messages envoyés", imetoka kwenu. Mwombeni mpokeaji aitafute hata kati ya barua taka.

Pili, jitumieni wenyewe barua ya mstari mmoja, bila picha. Ikitoka, tatizo huenda ni uzito. Gmail, kwa mfano, ina mpaka wa MB 25, na faili huongezeka karibu theluthi moja inapofungwa kwa safari. Tena rezo ikikatika katikati, barua huanza upya tangu mwanzo. Punguzeni ukubwa wa picha, au mzigawe katika barua mbili tatu.

Tatu, tazameni tarehe ya mashini. Umeme wa sola ukizimika na betri ndogo ya ndani ikiwa imekufa, mashini husahau mwaka. Hapo hukataa cheti cha seva, ikidhani hakijaanza kutumika. Hata kupokea huweza kukwama.

Nne, fungueni mipangilio ya seva ya kutuma, inayoitwa SMTP, mtazame namba ya mlango. Namba 25 ni mlango wa zamani, ambao seva hutumia kupelekeana barua. Mashini za nyumbani zenye virusi ziliutumia kumwaga barua taka, kwa hiyo kampuni nyingi za intaneti huufunga kwa wateja wa nyumbani. Kununua mega zaidi hakutaufungua. Wekeni 587 pamoja na STARTTLS, au 465 pamoja na SSL/TLS, kama mtoaji wa anwani yenu anavyoagiza. Kisha washeni uthibitisho: anwani yenu kamili na neno la siri. Paulo alimtambulisha Fibi kwa Waroma ili wampokee. Seva nayo hutaka kujua anayebisha ni nani.

Mkitaka kuhakikisha, unganisheni mashini kwa simu yenye kadi ya kampuni nyingine. Barua ikitoka huko na ya nyumbani ikikwama, mlango wa nyumbani ndio umefungwa. Ikiwa jambo ni la haraka, ingieni katika barua zenu kwa kivinjari, kama Chrome au Firefox. Njia hiyo haipiti mlango ule.

Ndugu zetu, tusiseme tena "imekwenda" kabla mpokeaji hajasema "nimepokea". Nanyi mnaopokea ripoti za parokia, jibuni hata kwa neno hilo moja. Nyuma ya kila jina katika orodha kuna mama anayengoja na watoto wake.

Bwana awabariki.