Ndugu Mkapa: Mhariri Aliyekuwa Balozi

Mnamo Oktoba 2020 watu wenye silaha walivuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji wakakishambulia kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara. Waliua watu, wakachoma nyumba. Miezi mitatu tu kabla ya hapo, tarehe 29 Julai, mkoa huo huo ulikuwa umemzika huko Lupaso, Masasi, mtu aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake akitafuta amani ya mipaka kama huo: Ndugu Benjamin William Mkapa.

Wengi humkumbuka kama Rais wa awamu ya tatu, tangu 1995 hadi 2005, na mabishano juu ya ubinafsishaji wa mashirika ya umma hayajesha. Hayo tuyaache leo. Twataka kumtazama mwandishi na balozi, maana kazi hizo mbili ndizo zilizomlea.

Si jambo geni mtu wa magazeti kuwa msemaji wa taifa lake ugenini. Carlos Romulo wa Ufilipino alianzia katika uandishi wa habari, na mwaka 1949 akawa Rais wa Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa. Ndugu Mkapa, aliyezaliwa Lupaso tarehe 12 Novemba 1938, alihitimu masomo ya Kiingereza Makerere mwaka 1962, akaingia katika utumishi wa Serikali, kisha akasomea mambo ya kimataifa katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Mwaka 1966 Chama cha TANU kilimkabidhi uhariri wa magazeti yake, The Nationalist na Uhuru.

Haikuwa kazi ya kukaa kivulini. Vita vya ukombozi wa Msumbiji vilikuwa vimekwisha kuanza mwaka 1964, FRELIMO ilikuwa na makao yake Dar es Salaam, na wakimbizi walikuwa wakiuvuka Ruvuma kuja kwetu. Msomaji wa mjini aliweza kudhani hayo ni mambo ya mbali. Mhariri aliyezaliwa Masasi hakuweza. Basi alipopelekwa kuwa Balozi Nigeria mwaka 1976, na mwaka uliofuata akafanywa Waziri wa Mambo ya Nje, aliikuta kazi aliyoizoea: kueleza, na kueleza tena, kwa nini Tanzania haiwezi kutulia huku jirani yake angali anatawaliwa. Aliwahi pia kuwa Balozi Canada na Marekani, akairudia Wizara hiyo 1984 hadi 1990, mwaka ambao Namibia ilijipatia uhuru.

Mwaka wake wa mwisho Ikulu, 2005, liliwekwa jiwe la msingi la Daraja la Umoja juu ya Ruvuma, lenye urefu wa mita 720, likafunguliwa 2010. Liko juu sana ya mto, Kitaya haikulipata. Mwaka 2008, Kenya ilipokuwa ikiungua baada ya uchaguzi, alikaa pamoja na Kofi Annan na Mama Graça Machel mpaka mapatano yakatiwa saini tarehe 28 Februari. Watu zaidi ya elfu moja walikuwa wamekwisha kufa.

Lakini sisi twaona kwamba jambo gumu kuliko yote alilifanya kwa kalamu. Katika kitabu cha maisha yake, My Life, My Purpose, aliyataja mauaji ya Pemba ya Januari 2001, yaliyotokea yeye akiwa Amiri Jeshi Mkuu, akayajutia waziwazi. Wako wasemao kwamba majuto ya miaka 18 baadaye hayamfufui mtu, nao wasema kweli. Hata hivyo, aandikaye habari zake mwenyewe hakuna amlazimishaye, naye angaliweza kuuruka ukurasa huo kama viongozi wengi warukavyo.

Kitabu hicho kilizinduliwa Dar es Salaam siku alipotimiza miaka 81. Alifariki usiku wa kuamkia tarehe 24 Julai 2020.