Mikoko Hupandwa na Wanawake, Husemewa na Wanaume

Nalifika Gazi, Kwale, maji yamekupwa. Akina mama wamejifunga leso viunoni, wamo topeni hadi magotini, wachomeka miche ya mikoko. Mimi nimesimama ukingoni, kanzu nimeikusanya mkononi, viatu sijavua. Mama mmoja wa makamo akaniita, "Ustadhi, shuka. Tope halili mtu." Nikashuka.

Nalimwuliza mbona kazi hii imekuwa yao. Akanijibu: "Mwanamume hukata boriti siku moja, akapata pesa. Sisi kuni zetu ni hapa, chaza wetu ni hapa. Na kisima kikiingia chumvi, ni sisi twendao mbali kuteka." Jawabu hilo lilinitosha. Hali ya hewa ikigeuka, mzigo hauwi sawa kwa wote, na aliyebebeshwa mzito ndiye wa kwanza kutafuta dawa.

Na dawa ya Gazi yajulikana. Tangu 2013, mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukihifadhi hekta 117 za mikoko. Mti huu hufyonza hewa ya kaboni, nalo tope la mizizini huihifadhi kwa miaka mingi. Kiasi hicho hupimwa, huuzwa ng'ambo kwa wanaotaka kufidia moshi wao, na pesa hurudi kijijini kwa maji na skuli. Mwaka 2017 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Akina mama nao wana njia yao ya mbao ndani ya mikoko, ambayo wageni hulipa kuipita.

Walakini, baadaye nalihudhuria baraza katika kijiji kingine, sitakitaja, ambako miche yote ilipandwa na wanawake. Mazungumzo yalikuwa juu ya bahari inayokula pwani. Wanaume walikaa mbele vitini, wanawake nyuma mikekani. Wakasema wanaume tisa. Bibi mmoja aliinua mkono mara mbili; mwenyekiti akatazama saa.

Nami je? Nalirudi nyumbani nikaandika habari yangu: majina tisa, hata moja si la mwanamke. Mke wangu akaisoma, akaniuliza, "Kwani mikoko hiyo ilipandwa na hawa tisa?" Nalinyamaza. Sina jawabu hata leo.

Wako watakaosema kuwa hiyo ndiyo heshima na stara yetu. Mimi ni mtoto wa chuoni. Huko tulihadithiwa habari za mwanamke aliyemsahihisha Sayyidna Umar mbele za watu, naye Umar akakubali. Na hapa kwetu Kenya, Profesa Wangari Maathai, aliyeanzisha Green Belt Movement mwaka 1977, alikejeliwa kwa uanamke wake mwaka 1989 alipopinga jumba refu kujengwa Uhuru Park. Jumba halikujengwa, na mwaka 2004 alitunukiwa Nobeli ya Amani.

Basi, enyi wenyeviti wa mabaraza, kabla ya kufunga kikao, mwulizeni kwanza mwenye tope miguuni. Nasi waandishi tuandike jina lake, akiridhia.

Mkono uliopanda, kauliye isikike,
Topeni aliyekwenda, na kitini tumuweke,
Bahari ikitushinda, mikoko na itushike,
Siku ya kula matunda, tule naye mwanamke.